Mwalimu wa Kifaransa Asiye na Jirani

Katika shule nyingi za msingi za Ontario, Kanada, darasa la tano huwa na walimu wawili au watatu, na mmoja akikwama anagonga mlango wa jirani. Mwalimu wa Kifaransa hana jirani. Mara nyingi yuko peke yake shule nzima, anazunguka madarasa kadhaa kwa siku, kila kipindi dakika kama 40, na pengine hana hata chumba. Vitabu, kadi za picha, spika na kalamu za ubao anavipanga kwenye toroli na kuisukuma koridoni. Kengele ikilia anaingia kwenye chumba cha mwenzake, anakuta ubao umejaa hesabu za asubuhi zilizozungushiwa mstari pamoja na ombi kwamba zisifutwe. Anatafuta pembe ya kuandika tarehe kwa Kifaransa, na dakika tatu za kipindi zimeshakwenda.

Toroli kila mtu anaiona. Lililo zito zaidi limejificha kwenye ratiba. Mwalimu wa darasa ana haki ya kupata muda wa kuandaa masomo ndani ya saa za kazi, na muda huo hauwezi kupatikana mpaka mtu mwingine aingie kufundisha darasa lake. Mtu huyo, mara nyingi, ndiye mwalimu wa Kifaransa. Kwa hiyo wakati walimu wa darasa la tano wanakaa mezani kulinganisha maandalio yao, yeye yuko darasani na watoto wao. Wanakaa kwa sababu yeye amesimama. Muda wake wa kuandaa huja saa nyingine, wakati wengine wote wanafundisha. Hakuna aliyemchukia wala kumtenga. Upweke wake umetokana na hesabu ya vipindi, na ndiyo maana hauondoki kwa kumwambia achangamke zaidi chumba cha walimu.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa walimu wa Kifaransa nchini Kanada kwa kawaida huanzia kwingine, kwenye idadi. Idadi kweli inatisha. Sheria ya 1969 iliifanya Kanada kuwa nchi ya lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, lakini sensa ya 2021 ilikuta watu wanaoweza kuzungumza zote mbili ni asilimia 18 tu ya nchi nzima, na nje ya Quebec ni asilimia 9.5. Katika hao ndimo atafutwe mwalimu wa kila shule, huku serikali, mabenki na hospitali zikiwawinda haohao. Mahitaji nayo hayapungui. Ontario inalazimisha Kifaransa kuanzia darasa la nne hadi la nane na mwaka mmoja wa sekondari. Juu ya hapo kuna madarasa ya kuzamishwa, ambako mtoto wa nyumba ya Kiingereza anasoma hesabu na sayansi kwa Kifaransa. Mfumo huo ulizaliwa mwaka 1965 huko Saint-Lambert, nje kidogo ya Montréal, kwa shinikizo la wazazi, na hadi leo wazazi huugombania.

Februari 2019 Kamishna wa Lugha Rasmi, Raymond Théberge, alitoa ripoti nzima kuhusu upungufu wa walimu hao. British Columbia ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wake: Mahakama ya Juu ya Kanada ilipowapa walimu ushindi mwaka 2016 katika kesi ya ukubwa wa madarasa, jimbo lilihitaji walimu wapya kwa wingi na kwa haraka, na wa Kifaransa ndio waliokuwa adimu kuliko wote. Dawa inayotajwa kila mara ni kusajili: nafasi zaidi vyuoni, wageni zaidi kutoka Ufaransa na Ubelgiji, ruzuku zaidi.

Tatizo ni kwamba ndoo inavuja. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2006 na Sharon Lapkin, Alina MacFarlane na Larry Vandergrift uliwauliza walimu wa Kifaransa zaidi ya 1,300 juu ya kazi yao. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa wamefikiria kuacha kufundisha Kifaransa. Na kuacha Kifaransa hakumaanishi kuacha ualimu. Mwalimu huyu ana cheti kamili; anaweza kuomba darasa la kawaida la Kiingereza katika shule ileile, apate chumba, meza na jirani wa kugongea mlango. Mshahara haubadiliki. Ukilitazama hivyo, cha kushangaza ni kwamba wengi hubaki.

Nani hubaki, na kwa nini? Jibu lililonishawishi zaidi limetoka Marekani, na halikuhusu Kifaransa hasa. Mwaka 2004 Richard Ingersoll na Thomas Smith walichambua takwimu za kitaifa za walimu wa mwaka wa kwanza ili kujua ni msaada gani unaowafanya wasikimbie. Waliokuwa na uwezekano mdogo wa kuondoka ni wale waliopewa mwalimu mlezi wa somo lilelile wanalofundisha, na wale walioshiriki kazi za pamoja, kama kupanga masomo na wenzao. Maneno ya kuangalia ni hayo "somo lilelile". Mwalimu wa hesabu mwenye huruma anaweza kukuonyesha jinsi ya kujaza ripoti za wanafunzi na jinsi ya kuzungumza na mzazi mkali. Hawezi kukuambia ufanye nini watoto 28 wanapokutazama kwa macho makavu baada ya wewe kuongea Kifaransa dakika tano nzima.

Ontario tangu 2006 ina mpango wa kuwapokea walimu wapya, wenye mlezi, semina na ukaguzi wa mwalimu mkuu. Ni mpango mzuri, na majimbo mengine yangefaa kuuiga. Ila una matundu mawili kwa huyu tunayemzungumzia. La kwanza ni kwamba katika shule yenye mwalimu mmoja wa Kifaransa, mlezi aliye karibu atakuwa wa somo jingine, na mlezi wa somo lake yuko shule nyingine yenye ratiba nyingine. La pili ni kwamba mpango unaanza mtu akishaajiriwa. Siku hiyo ana toroli, orodha ya madarasa na usingizi mchache. Huo si wakati wa kuanza kutafuta marafiki wa kazi.

Wakati wake ni chuoni. Vyuo vya ualimu vinalijua hilo, na vingi vinalitimiza kwa njia rahisi kuliko zote: karibu na mahafali unaitwa mkutano, walimu wazoefu watatu wanakaa mbele, wanasema "jengeni mtandao", wanapigiwa makofi. Mwanachuo mchangamfu anabaki nyuma na kuchukua namba za simu. Mkimya, ambaye ndiye atakayekaa peke yake mwakani, anawahi basi. Mimi naona chuo kinachoiacha kazi hii kwa tabia ya mtu kimeshindwa kuifundisha, maana kuomba msaada wa kitaalamu na kuutoa ni ujuzi wenye hatua zake, na una mahali pake kwenye ratiba kama zilivyo mbinu za kusahihisha insha.

Wa kwanza wa kumtafuta ni yule mwenye darasa kama lako. Mwalimu wa madarasa ya kuzamishwa na mwalimu wa Kifaransa cha kipindi kimoja kwa siku wana jina moja la kazi, lakini matatizo yao hayafanani: mmoja anahangaika kufundisha visehemu kwa lugha ambayo watoto bado wanajifunza, mwingine anahangaika kuwashawishi watoto kwamba dakika 40 zake si mapumziko. Kisha kuna watu wa jengo, ambao wanachuo huwasahau kabisa: katibu wa shule anayejua chumba gani kiko wazi saa nne, mkutubi mwenye bajeti ndogo ya vitabu, mwalimu wa darasa atakayekubali kukuachia robo ya ubao. Hao hawajui Kifaransa na hawahitaji kukijua. Na kuna wa tatu, mtu wa kuongea naye Kifaransa kwa ajili ya Kifaransa chenyewe. Hapa ndipo pagumu, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Walimu wengi wa Kifaransa nje ya Quebec walijifunza Kifaransa shuleni, kwa mfumo uleule ambao sasa wanarudi kuufundisha. Wamekisoma miaka mingi, wamekaa wiki tano za kiangazi kwenye programu ya lugha ya Explore, pengine wamefanya kazi mwaka mmoja kama wasaidizi wa lugha katika programu ya Odyssée. Wanakijua. Lakini ndani yao kuna hofu inayowasumbua toka siku ya usaili, ambapo bodi za shule, ambazo ndizo waajiri, huwapima Kifaransa chao: hofu kwamba hawakijui vya kutosha, na kwamba siku moja mtu atalitambua hilo. Watafiti wa lugha wana jina la hali hiyo, wanaiita kukosa usalama wa kiisimu, na imechunguzwa sana Kanada, hata miongoni mwa waliozaliwa katika Kifaransa.

Hofu hiyo inafanya jambo ambalo ratiba peke yake isingeweza. Mwalimu mpya ana swali kuhusu somo lake. Anayeweza kulijibu ni mwalimu mzoefu anayeongea Kifaransa kama maji. Kumwuliza kwa Kifaransa ni kujianika, na kumwuliza kwa Kiingereza ni kukiri kabisa. Basi hamwulizi. Kwenye mkutano wa walimu wa Kifaransa wa bodi anakaa na anaowajua, anaongea nao Kiingereza kwa sauti ya chini, anaondoka mapema. Ukimtazama kwa nje utasema hapendi watu. Kumbe msaada upo hatua tatu kutoka alipo, na lugha anayoifundisha ndiyo iliyokaa mlangoni.

Ndiyo maana ushauri wa "hudhuria mikutano zaidi" haufiki mbali kwa mtu wa namna hii. Kinachofaa zaidi ni vikundi vidogo vya watu watatu au wanne, vinavyoundwa mwaka wa kwanza wa chuo na kukaa vilevile hadi mwisho, vinavyokutana kwa Kifaransa na ambamo kukosea ni jambo la kawaida. Mkufunzi ana kazi yake hapo: naye akwame mbele yao, atafute neno kwenye kamusi bila haya, aulize wanafunzi wake kitu fulani kinaitwaje. Mwanachuo akishaona mara kadhaa kwamba mtaalamu naye huuliza, hofu yake inapungua kuliko angepewa mhadhara mzima kuhusu kujiamini.

Kuuliza kwenyewe kunafundishika pia. Ingia kwenye kundi lolote la walimu la WhatsApp au Facebook utakuta maombi ya aina hii: "Habari zenu, naomba zana za darasa la sita." Yanajibiwa kwa mafaili kumi, na mwombaji hayafungui, au anayafungua na kukuta yameandaliwa kwa watoto wa aina nyingine. Linganisha na swali hili: "Wanafunzi wangu wa darasa la sita wananielewa nikiongea. Nikiwaambia waongee wawili wawili, baada ya dakika moja wamerudi kwenye Kiingereza. Nimewaandikia sentensi za kuanzia ubaoni, imesaidia nusu. Wewe dakika ya pili unafanyaje?" Aliyeandika hivyo ameonyesha darasa, ameonyesha alichojaribu, na anataka kitu ambacho mwenzake anaweza kukijibu kwa sentensi nne akiwa kwenye foleni ya kahawa. Zoezi la kuandika maswali kama hayo matatu, kuyatuma kwa walimu halisi na kuripoti majibu, linachukua wiki mbili na halina gharama. Nalipendekeza kwa mkufunzi yeyote anayetaka kuanza na kitu kimoja.

Makundi ya simu, kwa ujumla, yana faida na kasoro zinazojulikana. Yanajibu haraka usiku wa Jumapili. Pia yanageuka upesi kuwa kilio cha pamoja, na mwalimu mpya akisoma malalamiko tu kwa miezi miwili ataanza kuiona shule yake kwa macho ya watu ambao hawajawahi kuikanyaga. Na picha ya kazi ya mwanafunzi yenye jina lake haipelekwi huko kamwe.

Vyama vya kitaaluma vinatoa kitu tofauti, kilicho taratibu zaidi na kinachodumu. Chama cha walimu wa lugha za kisasa cha Ontario, OMLTA, kina umri wa zaidi ya karne. Cha kitaifa cha walimu wa lugha za pili, ACPLS, kilianzishwa 1970, na cha walimu wa madarasa ya kuzamishwa, ACPI, mwaka 1977. Kwa mwanachuo faida kubwa ya mkutano mkuu wa chama haiko kwenye mada zinazowasilishwa. Iko kwenye kukaa meza moja na mwalimu wa miji ya mbali ambaye hana sababu ya kumpima wala kumwajiri.

Hapo ndipo panapoingia hoja ya mwanasosholojia Mark Granovetter, aliyoandika mwaka 1973: habari mpya, hasa za kazi, hutufikia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kidogo kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, kwa sababu wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Sijui kundi ambalo hoja hii inalihusu zaidi kuliko wazungumzaji wa Kiswahili wa Kanada waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Wengi wao wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na baadhi walikuwa walimu Goma, Bukavu au Bujumbura. Serikali ya Kanada inawataka: mwaka 2022 ilifikia shabaha yake ya muda mrefu kwamba asilimia 4.4 ya wahamiaji wanaokwenda kuishi nje ya Quebec wawe wasemaji wa Kifaransa, na tangu hapo imeipandisha shabaha hiyo mwaka hadi mwaka. Kwa hesabu ya karatasi, huyu ndiye mwalimu anayetafutwa. Akifika, jumuiya inampokea vizuri. Kanisani au msikitini atapata mtu wa kumwonyesha nyumba, wa kumpeleka kujiandikisha bima ya afya, wa kumwingiza ghala la kupakia mizigo Jumatatu ijayo. Lakini kama hakuna katika jumuiya hiyo aliyewahi kusajiliwa kuwa mwalimu, hakuna atakayemwambia kwamba vyeti vya chuo vinatakiwa vitumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, au kwamba bodi nyingi huanza kumchukua mtu kama mwalimu wa kushikia nafasi kabla ya kumpa darasa. Watu wa karibu wanampenda kweli, ila wanajua ghala. Anakaa ghalani miaka.

Na akisajiliwa, anakutana na upweke wa toroli kwa sura nyingine. Kifaransa hakimtishi hata kidogo. Kinachomtatiza ni darasa ambalo mtoto anamwuliza mwalimu "kwa nini tufanye hivi?" na hakuna anayeshtuka, ni mwalimu mkuu anayetaka maelezo ya tabia ya mtoto kwa lugha laini, ni mzazi anayeandika barua pepe saa tano usiku. Mambo hayo mwanachuo aliyezaliwa Hamilton au Sudbury anayajua bila kufundishwa, kwa kuwa aliyaishi.

Pale mhamiaji anaposomea ualimu hukuhuku Kanada, wote wawili wanakaa darasa moja la chuo. Mmoja ana Kifaransa na hana shule ya Kikanada. Mwingine ana shule na anakitilia shaka Kifaransa chake. Kuwaweka pamoja katika kikundi kimoja ni jambo la akili ya kawaida, kwa sharti moja: kila mmoja awe na cha kutoa na cha kupokea kinachojulikana wazi. Bila hivyo Mkongomani anageuka kamusi ya darasa, anasahihishia wenzake insha bure na hakuna anayemweleza ripoti za wanafunzi zinaandikwaje. Nayo mazoezi ya kufundisha yanafaa yapangwe kwa wawili wawili. Ontario inadai siku zisizopungua 80 za mazoezi, na wengi huzimaliza kila mtu na shule yake, wakijifunza upweke mapema. Wawili wakipelekwa shule moja, mmoja afundishe na mwingine aangalie, jioni wana la kuzungumza lenye ushahidi.

Upungufu wa walimu unaivuruga mipango hii kwa namna ya kuudhi. Ontario sasa inatoa vyeti vya muda vinavyowaruhusu wanachuo kuingia madarasani kabla hawajamaliza masomo, na wa Kifaransa ndio wanaovutwa kwanza. Ni mshahara, nani aukatae? Lakini kikundi cha watu wanne kinabaki na wawili, na aliyeondoka anaingia shuleni bila mlezi wa somo lake. Bodi inayomchukua mwanachuo mapema ingepaswa kubeba wajibu wa kumwachia saa za kurudi kwa wenzake.

Saa, hatimaye, ndizo zenye kauli ya mwisho. Mtandao wa wenzako hauwezi kuwa kazi ya bure ya saa tatu usiku, juu ya maandalio ya madarasa sita. Bodi ikitaka walimu wake wa Kifaransa wabaki, ilipie mwalimu wa akiba nusu siku kwa mwezi ili walimu wa shule tano za jirani wakae chumba kimoja wakiwa na kazi za watoto mbele yao. Naona ni afadhali gharama hiyo kuliko kutangaza nafasi ileile kila Septemba. Chuo kinaweza kumfundisha mtu kuomba na kutoa msaada. Kumpa muda wa kufanya hivyo ni kazi ya mwajiri, na hadi sasa waajiri wengi wanaikwepa.

Na wewe msomaji uliyeko Ottawa, Winnipeg au Moncton, unayesubiri vyeti vyako vya Bukavu au Bujumbura vikaguliwe, usingoje usajili ukamilike ndipo uanze kutafuta watu. Tafuta mwalimu mmoja wa Kifaransa katika bodi unayotaka kuiomba kazi, umwombe akuruhusu kukaa nyuma ya darasa lake asubuhi moja, na uende na maswali yako mawili yaliyoandikwa. Shule itakudai cheti cha polisi kabla ya kukufungulia mlango. Anza kukishughulikia wiki hii.